Mvutano wenyewe nao huanguka? Swali la darasani na jibu la pulsa

Swali: *Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, niko Tanga. Tulipokuwa kwenye mada ya kuanguka huru nilidondosha jiwe na karatasi niliyoifinyanga ikawa kidonge, vikafika chini pamoja. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akauliza: "Mwalimu, na mvutano wenyewe je, una uzito? Nao unaanguka?" Darasa likacheka, mimi nikakosa la kumjibu. Baadaye nikasoma kwamba wataalamu wamelijaribu jambo hilo kwa kutumia pulsa, yaani nyota inayojizungusha kwa kasi na kututumia mapigo ya redio. Pulsa iko juu angani, sasa inaanguka wapi? Na mtu aliye huku duniani anajuaje kwamba imeanguka?*

Jibu: Mwalimu, nakusalimu, na tafadhali umfikishie mwanafunzi wako salamu za pekee. Swali lake limewasumbua wanafizikia kwa miongo mingi, na jibu la kuaminika zaidi kuhusu nyota zenye mvutano mkali sana lilipatikana mwaka 2018 tu. Wale waliocheka ningependa wamsikilize tena.

Kwa ufupi: ndiyo, unaanguka. Nishati ya mvutano nayo huhesabika kwenye tungamo (masi) la kitu, na sehemu hiyo ya tungamo huanguka kama tungamo lingine lolote. Hilo limepimwa. Lakini jibu fupi halitamtosheleza mtoto aliyeuliza swali la namna hiyo, kwa hiyo twende polepole.

Tuanze na jiwe lako. Katika fizikia kila kitu kina madaftari mawili. Daftari la kwanza linaandika ugumu wake wa kusukumwa: gari la mizigo ni gumu kusukuma, baiskeli ni rahisi. Daftari la pili linaandika jinsi mvutano unavyokishika. Hakuna sababu iliyo wazi ya madaftari haya mawili kuwa na tarakimu ileile, lakini kila tulipoyalinganisha tumekuta yanalingana, na ndiyo maana jiwe na karatasi hufika pamoja hewa isipoingilia. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama Mwezini, ambako hakuna hewa, akaachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, vikagusa vumbi pamoja. Setilaiti ya Ufaransa iitwayo MICROSCOPE ilifanya kazi hiyohiyo kati ya 2016 na 2018 kwa titani na platini, na haikuona tofauti hata ya sehemu chache kwa kila milioni bilioni.

Sasa angalia vitu tulivyovijaribu: jiwe, nyundo, unyoya, kipande cha platini. Vyote ni vidogo. Jiwe lina mvutano wake, ndiyo, lakini ni hafifu mno kiasi kwamba mchango wake kwenye tungamo la jiwe hakuna mizani itakayouona. Hapo ndipo mwanafunzi wako alipogusa penyewe. Majaribio hayo yote yanahusu maada. Kuhusu mvutano wenyewe hayasemi chochote.

Mvutano unaingiaje kwenye tungamo? Chukua matofali elfu moja ujenge kibanda. Uzito wa kibanda ni uzito wa matofali yale yale pamoja na udongo uliotumia kuyashikisha, wala hutarajii kitu kipotee. Nyota haiko hivyo. Maada inapojikusanya kwa mvutano wake yenyewe, hutoa nishati nyingi, na nishati hiyo huondoka kama joto, mwanga na chembe nyepesi ziitwazo nyutrino. Einstein alituonyesha kuwa nishati ikiondoka, tungamo nalo limepungua. Kwa hiyo nyota iliyokwisha kujengeka ni nyepesi kuliko jumla ya matofali yake. Upungufu huo ndio alama ya mvutano kwenye hesabu, na swali la darasani kwako sasa linaweza kuulizwa kwa usahihi: je, upungufu huo umeandikwa kwenye madaftari yote mawili, au kwenye moja tu?

Kama umeandikwa kwenye moja tu, basi kitu chenye mvutano mwingi ndani yake kitaanguka tofauti na kitu chenye mvutano kidogo. Nadharia ya Einstein ya mwaka 1915 inasema umeandikwa kote kuwili, bila ubaguzi wowote. Nadharia nyingine nyingi za mvutano, zile zinazoongeza uga mwingine, yaani athari nyingine iliyoenea angani kote, juu ya wa Einstein kama walivyofanya Brans na Dicke mwaka 1961, zinasema lazima kuwe na tofauti, hata ikiwa ndogo. Ndiyo maana jambo hili ni zito. Ukiikuta tofauti, hata ya kiasi cha nywele, umeikuta nyufa kwenye nadharia iliyobeba elimu yetu yote ya mvutano.

Mahali pa kwanza pa kutafuta palikuwa hapa nyumbani. Upungufu wa Dunia yetu ni karibu nusu ya sehemu moja ya bilioni. Inasikika kidogo, lakini kwa tungamo la Dunia ni zaidi ya tani trilioni 2. Upungufu wa Mwezi, kwa uwiano wake, ni mdogo kuliko huo mara ishirini na kitu. Mwaka 1968 Kenneth Nordtvedt alionyesha kwamba kama mvutano haujaandikwa kwenye madaftari yote mawili, Dunia na Mwezi vitaanguka kuelekea Jua kwa namna tofauti, na mzingo wa Mwezi, yaani njia yake ya kuzunguka, utasogea kwa kadiri ya mita 13. Mwaka uliofuata wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo maalumu juu ya Mwezi, na tangu hapo watu wamekuwa wakipiga miali ya leza kwenda huko na kungoja mwangwi wa mwanga urudi. Leo umbali wa Mwezi unapimwa kwa usahihi wa chini ya sentimita moja. Zile mita 13 hazipo.

Hapo wengine wangeridhika. Mimi nadhani ni sawa kabisa kwamba hawakuridhika, kwa sababu nusu ya sehemu moja ya bilioni bado ni mvutano dhaifu. Huwezi kujua nguvu za kamba kwa kuning'iniza kitambaa.

Kamba inavutwa kwelikweli kwenye nyota ya nyutroni. Hii ni maiti ya nyota kubwa iliyolipuka: tungamo linalozidi la Jua zima limebanwa kwenye tufe lenye upana wa kama kilomita 25, pungufu ya umbali wa kutoka Tanga mjini hadi Muheza. Kwenye nyota kama hiyo upungufu ni karibu sehemu moja ya kumi ya tungamo lake, pengine zaidi. Linganisha na Dunia: ni mara milioni 200 na ushei. Kwa mizani hii mvutano wenyewe ni mzigo halisi, na ukiudondosha unaweza kuona kama unaanguka sawa na vingine.

Sasa swali lako la pili, inaanguka wapi. Hili huwachanganya wengi, na nafikiri kosa ni letu walimu, kwa kuwa tunatumia neno kuanguka kwa maembe na mawe peke yake. Mwezi unaanguka kuelekea Dunia usiku na mchana. Kila sekunde unaanguka milimita 1.4 hivi, lakini katika sekunde hiyohiyo unakwenda pembeni karibu kilomita nzima, kwa hiyo daima unaikosa Dunia. Kuzunguka ni kuanguka kusikofika chini. Pulsa yetu, ambayo ni nyota ya nyutroni, nayo inaanguka kwa maana hiyo.

Inaitwa PSR J0337+1715. Kupatikana kwake kuna kisa kinachonipendeza. Mwaka 2007 darubini kubwa ya redio ya Green Bank, huko West Virginia nchini Marekani, haikuweza kugeuzwa kwa sababu reli inayozungukia ilikuwa inakarabatiwa. Badala ya kuizima, wanaanga-fizikia waliiacha imetulia, anga likapita juu yake kwa mzunguko wa Dunia, nao wakarekodi kila kilichopita. Ndani ya rekodi hizo ndimo ilimokuwa pulsa hii. Kikundi kilichoongozwa na Scott Ransom kilitangaza Januari 2014 kwamba haikuwa peke yake, ni nyota tatu zinazoishi pamoja.

Nyota ya kwanza ni pulsa yenyewe, yenye tungamo la Jua moja na nusu kasoro kidogo, na inajizungusha mara 366 kwa sekunde. Ya pili ni nyota kibete nyeupe, mabaki ya nyota ya kawaida iliyokwisha kuni, nayo ina tungamo la sehemu moja ya tano ya Jua. Hizi mbili zinazungukana kwa siku 1.6, kwa umbali wa kilomita karibu milioni 5. Kwa mbali zaidi, kiasi kinachokaribia umbali wa Dunia na Jua, yuko kibete mweupe wa pili mwenye tungamo la sehemu nne za kumi za Jua. Pulsa na jirani yake wa karibu, wakiwa wameshikana, wanamzunguka huyu wa nje kwa siku 327, naye anawazunguka.

Umeona palivyojipanga, mwalimu? Ni jaribio lako la jiwe na karatasi. Jiwe ni pulsa, iliyojaa mvutano. Karatasi ni kibete wa ndani, ambaye upungufu wake ni wa sehemu chache tu kwa milioni. Na sakafu ambayo vyote viwili vinaiangukia ni kibete wa nje. Kama mvutano unaanguka tofauti, pulsa na jirani yake hawatakwenda sambamba kuelekea kwa yule wa nje. Mmoja atavutwa zaidi ya mwingine, na mzingo wao mdogo wa siku 1.6, ambao ni karibu duara kamili, utarefuka kidogo kama yai. Tena urefu wa yai hilo utamfuata kibete wa nje anavyozunguka kwa siku zake 327. Ni alama ya pekee sana, huwezi kuichanganya na kitu kingine kwa urahisi.

Wataalamu walikuwa wamejaribu zamani kwa pulsa zenye mwenzi mmoja tu, wakitumia mvutano wa kundi letu la nyota, Njia Nyeupe, kama sakafu. Mvutano huo ni hafifu sana. Wa kibete huyu wa nje una nguvu mara milioni kadhaa kuuzidi. Ndiyo maana ilipopatikana nyota hii watu walijua papo hapo kazi yake itakuwa nini.

Tunajuaje kwamba imeanguka? Tuseme uko ufukweni usiku wa giza, na kuna mpiga ngoma ndani ya mashua. Anapiga pigo moja kila sekunde, bila kukosea hata kidogo. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Mashua ikisogea mita 34 mbali nawe, pigo litakufikia limechelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ikikukaribia mita 34, litawahi kwa kiasi hichohicho. Ukiwa na saa nzuri unaweza kukaa palepale, macho umefumba, ukachora njia yote ya mashua kwenye karatasi: inazunguka kwa muda gani, duara lake ni kubwa kiasi gani, na kama duara limepinda.

Pulsa ndiyo ngoma hiyo. Mwali wake wa redio unatupitia kila inapozunguka, kama taa ya mnara wa bandarini. Katika mzingo mdogo mapigo huwahi au huchelewa hadi sekunde 1.2, na katika mzingo mkubwa hadi sekunde karibu 75. Kwa saa ambayo hupiga mara 366 kila sekunde, hayo ni mapigo zaidi ya 27,000 yaliyosogea kutoka mahali pake. Mwanga nao husafiri mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, na kwa nyota hii wakati wa kuwasili hupimwa kwa usahihi wa kadiri hiyo. Maana yake ni kwamba katika mwendo wake tunajua pulsa ilipo kwa makosa ya mita mia chache, ingawa iko mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri miaka 4,200 kutufikia. Kila ninapolieleza jambo hili hunibidi nitulie kidogo.

Kazi haikuwa nyepesi. Dunia nayo inazunguka Jua, kwa hiyo mapigo huwahi au huchelewa kwa dakika 8 kwa sababu ya mwendo wetu sisi, na hilo lazima liondolewe. Kati ya nyota kuna elektroni zinazochelewesha mawimbi marefu ya redio kuliko mafupi, nalo liondolewe. Saa za darubini zilinganishwe na saa za atomu. Halafu kuna hesabu ya miili mitatu inayovutana, ambayo haina fomula moja ya kuimaliza. Ilibidi kompyuta iisogeze hatua kwa hatua. Anne Archibald na wenzake walitumia miaka sita ya vipimo kutoka Green Bank, Arecibo kule Puerto Rico na Westerbork nchini Uholanzi. Katika miaka sita nyota hii hujizungusha karibu mara bilioni 70, na hesabu yao haikupoteza hata mzunguko mmoja.

Matokeo yalichapishwa Julai 2018. Yai halikuonekana. Mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika kwa kuvutwa, wa pulsa na wa kibete wa ndani ni uleule, na kama tofauti ipo haizidi sehemu 2.6 kwa milioni. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi ukubwa wake, chukua rula: kwa kila kilomita moja ambayo kibete ameanguka, pulsa haijamtangulia wala kubaki nyuma yake kwa milimita 3. Mwaka 2020 Guillaume Voisin na wenzake walirudia kwa darubini nyingine kabisa, ya Nançay nchini Ufaransa, na kwa hesabu zao wenyewe. Walipata jibu lilelile, na kikomo kilichobana zaidi kidogo. Kwangu mimi hilo la pili ndilo lililonituliza, maana jaribio la namna hii likifanywa na kikundi kimoja tu daima unabaki na hofu kwamba kuna kosa lililojificha kwenye programu.

Usimwambie mwanafunzi kwamba imethibitishwa ni sawasawa kabisa. Kipimo hakisemi hivyo kamwe. Mwambie kwamba nafasi iliyobaki kwa nadharia shindani imekuwa nyembamba sana, na kwamba nyingi zilizokuwa na nafasi kabla ya hapo sasa hazina.

Pulsa zimeijaribu nadharia ya Einstein kwa njia nyingine pia, nitazitaja kwa haraka. Mwaka 1974 Russell Hulse na Joseph Taylor walipata pulsa inayozungukana na nyota nyingine ya nyutroni kwa saa 7 na dakika 45, na mzingo wake ukaonekana unapungua kwa kiasi kilekile kilichotabiriwa kama nishati inaondoka kwa mawimbi ya mvutano. Kwa ugunduzi huo wakapewa Nobeli mwaka 1993. Mwaka 2003 ikapatikana jozi ambayo nyota zote mbili ni pulsa, nazo husogeleana karibu milimita 7 kila siku. Leo hii darubini ya MeerKAT, sahani 64 zilizosimamishwa kwenye nyika ya Karoo, Afrika Kusini, ni miongoni mwa zinazozipima kwa makini zaidi.

Huenda mwanafunzi akauliza kwa nini nyota ijizungushe mara 366 kwa sekunde. Hapa mwambao wetu una sehemu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa utafiti wa eksirei za angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka 7 ya uhuru, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyoona kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kinapiga kila sekunde 4.8, na kwamba kinazungukana na nyota nyingine kwa siku 2.1. Ilikuwa nyota ya nyutroni inayonyang'anya gesi kutoka kwa mwenziwe. Gesi hiyo inapoanguka huisukuma nyota izunguke, kama maji yanavyosukuma gurudumu la kinu. Ikiendelea hivyo kwa mamilioni ya miaka, unapata saa iliyo imara na ya kasi kama hii tuliyoitumia. Vibete wawili tunaowaona leo wanadhaniwa kuwa mabaki ya nyota zilizoilisha pulsa hiyo.

Mwisho, nikupe kazi ya kufanya na darasa lako. Mwezi Novemba, kwenye saa 3 usiku, watoke nje watazame upande wa mashariki, kaskazini kidogo, wakitafute Kilimia. Wanyooshe mkono na kukunja ngumi. Pulsa yetu iko kulia kwa Kilimia, kwa umbali usiofika upana wa ngumi hiyo. Kwa macho hawataiona, ni hafifu mno. Lakini mwache yule aliyeuliza aelekeze kidole mahali penyewe na kupepesa jicho mara moja. Atakapolifungua, ile nyota itakuwa imejizungusha mara mia hivi, huku ikiendelea kuanguka.